Jezi ya Mjomba Kapu

Shule zikikaribia kufunguliwa, mtaa wa mafundi wa nguo huwa hauna hata pa kutema mate. Kila mama amekumbuka jana kwamba mtoto hurefuka, na kila mama anataka sare yake leo, tena sasa hivi, tena kabla ya mwenzake. Asubuhi ile cherehani zilikuwa zinalia mtaa mzima, pasi zinafuka, na wanawake wanasukumana milangoni kwa viwiko huku wakiitana "dada yangu".

Fundi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake ya mkono, utepe wa kupimia shingoni, pini zimemjaa mdomoni. Alikuwa na mazoea yake. Vipande vya kitambaa vinavyobaki alivifinyanga vikawa kibonge, akakirusha kwenye kapu lililokuwa kando ya mlango, wala hainui macho. Kibonge kinapaa juu ya vichwa vya wateja, kinatua ndani, puu! Wateja walishazoea kuinama.

Aliyeingia wakati ule hakuwa amezoea. Alivaa gauni la bluu lililomkaa vizuri mpaka wanawake wenzake wakalipima kwa macho, chini viatu vya raba, na pale ambapo wengine huvaa mkufu yeye kaning'iniza filimbi. Kibonge kikampita sikioni.

"We! Umeniona mimi jalala?"

Fundi akatema pini. "Samahani, dada. Kapu liko nyuma yako."

Akageuka, akakiona kibonge kimetulia ndani ya kapu. Akamgeukia tena fundi.

"Rudia."

"Nirudie nini, kukukosa?"

"Rudia, nakwambia. Mimi mwalimu, sijazoea kuomba mara mbili."

Akarudia. Akarudia kwa mkono wa kushoto. Akarudia amefumba macho, maana mwanamume akitazamwa na mwanamke mzuri akili yake yote hukimbilia kwenye kujionyesha.

"Mimi nafundisha michezo," mwalimu akasema. "Wasichana wangu wa netiboli goli wanalitazama kama mwezi. Wanalisifu tu, hawalifikii. Jioni njoo uwanjani uwafundishe kurusha."

Fundi akainama, akavuta magongo yake mawili kutoka chini ya meza, akayasimamisha mbele yake.

"Na haya?"

Akausubiri ule uso. Aliujua: nyusi zinapanda, kichwa kinalala upande, sauti inakuwa laini kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. Uso haukuja.

"Nayo yaje," mwalimu akasema. "Mradi yasicheze rafu."

Mguu wa kushoto wa fundi ulikuwa mwembamba na mfupi tangu utotoni. Alikuwa hauonyeshi. Alijishonea suruali pana kama mapazia, hata siku za jua kali, na hakuna aliyewahi kumwona bila mapazia hayo isipokuwa mama yake na dada yake. Shuleni, kila saa ya michezo ilipofika, wenzake walivua viatu wakamrundikia: "Wewe linda viatu." Akavilinda mpaka akamaliza shule. Alijua nani soli yake imetoboka na nani anukaye miguu. Wao hawakumjua yeye hata kidogo.

Basi jioni ile alikwenda uwanjani, moyo unamdunda kama anakwenda kutoa posa. Wasichana wakamkodolea macho. Nahodha wao, mrefu, mwenye mdomo usiojua likizo, akauliza papo hapo:

"Mjomba, mguu umefanya nini?"

"Niliugua nikiwa mdogo, ukagoma kukua."

"Na hiyo mikono mbona minene?"

"Imekula chakula cha mguu."

Wakacheka, naye akawacheka walivyocheka. Kisha akaagiza vigoda. Akawakalisha wote chini ya goli, mmoja mmoja, warushe mpira wakiwa wamekaa.

"Mjomba, netiboli haichezwi kwa kukaa!"

"Mnaruka kwa sababu mikono yenu mivivu. Kaeni! Mpira ukione kidole cha mwisho, usiione miguu."

Walikaa, wakanung'unika, wakakosa, wakatukana kimoyomoyo. Lakini siku walipoambiwa wasimame, goli lilikuwa limeshuka. Mipira ikaanza kuingia mpaka shule ya jirani ikaja kuchungulia uzioni. Wakambatiza jina la Mjomba Kapu. Kwenye benchi la timu, mwisho kabisa, pakawa na nafasi ambayo hakuna anayeikalia hata awe amechoka vipi. Ya Mjomba.

Na mwalimu? Mwalimu akaanza kuwa na nguo nyingi za kurekebishwa. Leo sketi imebana, kesho ileile imepwaya. Dada yake fundi, mama mwenye maneno aliyeuza nyuzi na vifungo kibanda cha pili, akasema: "Mdogo wangu, huyo mwanamke ama ana ugonjwa wa kunenepa na kukonda, ama anakutaka."

Simu nazo zikaanza.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, Mwalimu. Wewe?"

"Nasahihisha madaftari. Mtoto mmoja kaandika moyo uko tumboni."

"Mpe alama. Wangu siku hizi uko hukohuko."

"Mwongo wewe!"

"Nashona kaptula nzima nagundua nimeishonea mikono. Huo ni uongo?"

Mwalimu akacheka mpaka simu ikakwaruza. Siku moja alimkuta fundi amekazana na kola, akamzunguka kwa nyuma, akamkumbatia. Akamkumbatia kwa muda mrefu, viganja vikitembea toka bega mpaka bega, vikashuka kwenye kiwiko, vikazunguka kifua. Fundi akaacha kuzungusha cherehani. Kola ile mpaka leo imepinda.

Fainali ikakaribia. Mwalimu akaleta jora la kitambaa cha kijani.

"Jezi za wasichana wote, mpenzi, na yangu mimi. Mgongoni uandike majina."

"Wote, na wewe," fundi akasema.

"Wote na mimi."

"Basi?"

Mwalimu akatazama nje. "Basi."

Fundi akakunja kitambaa taratibu. Alikuwa anangoja neno dogo tu, "na yako". Akalingoja wakati wa kukata, akalingoja wakati wa kutia vifungo. Neno halikuja.

Aliyekuja ni dada yake, anahema.

"Mdogo wangu, kaa."

"Si nimekaa."

"Basi shika meza. Nimemwona mwalimu wako kwa Fundi Kesho."

Huyo Fundi Kesho alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara. Jina alilipata kwa haki: ukienda kuchukua nguo atakwambia kesho, na ukifika kesho atakwambia hivyohivyo. Mishono yake hata mwenye njaa ya nguo huikataa.

"Kapeleka kitambaa cha kijani," dada akaendelea. "Wanacheka, yule bwana anaandika vipimo. Tena mwanamke kaonyesha kwa mikono hivi, kama anakumbatia hewa."

Sijui kama umewahi kumwona fundi aliyesikia mteja wake yuko kwa fundi mwingine. Sasa chukulia mteja mwenyewe ndiye ampendaye. Yaliyomwingia fundi wetu yalikuwa mawili kwa mpigo. Kwanza, mwalimu kapata wa kumkumbatia mwenye miguu miwili mizima. Pili, na hili ndilo lililomuuma zaidi: timu ina jezi za watu wote, na yeye si mmoja wa watu. Amewakalisha kwenye vigoda, amewanyanyua, na siku ya kupiga picha atarundikiwa viatu.

Jezi zikaisha, akampa dada yake azipeleke. Jioni simu ikalia.

"Fundi wangu! Zimependeza mno. Lakini mbona umetuma mtu?"

"Nina kazi."

"Kazi gani isiyokupa nafasi ya kuniona?"

"Nyingi. Wengine mafundi wanao wawili, mimi ninayo mikono hii tu."

"Nani kakwambia nini?"

"Hakuna. Timu yako imetimia, Mwalimu. Nimehesabu jezi, hakuna aliyesahaulika."

"Mpenzi, wewe njoo tu Jumamosi. Usiulize, njoo tu."

"Nije kulinda viatu?"

"Viatu gani?"

Akakata simu. Ikalia tena, akaifunika kwa kitambaa. Ikalia chini ya kitambaa, akaikalia.

Jumamosi asubuhi alifungua kibanda kama kawaida, uso umekunjamana kuliko nguo zake. Akashona mfuko wa suruali, akaufumua. Akaushona tena, kinyume. Mara akasikia vishindo na vicheko, mlango ukajaa rangi ya kijani. Timu nzima. Mbele mwalimu, jasho linamtiririka, bahasha ya kaki kwapani.

"Basi la shule linatungoja," akasema. "Na mimi nimetoka kusimama mlangoni kwa Fundi Kesho tangu jua halijachomoza, kwa sababu yule bwana hata siku ya fainali aliniambia kesho. Shika!"

Fundi akafungua. Jezi ya kijani. Mgongoni, kwa herufi zinazoyumba kama zimekunywa: KAPU.

Akaigeuza ndani nje, macho yakamtoka.

"Nani amefanya unyama huu? Mkono huu mrefu kuliko huu! Pindo limeshikwa na nini, mate?"

"Ulitaka nikupe wewe ushone zawadi yako mwenyewe?" mwalimu akasema. "Mafundi wengine wote mtaani ni marafiki zako, wangekwambia kabla sijavuka barabara. Alibaki huyo."

"Vipimo alivipata wapi?"

Mwalimu akanyoosha mikono, akakumbatia hewa. "Hapa. Siku ile ulidhani nakukumbatia bure?"

"Ulikuwa unanipima!"

"Nilikuwa nafanya yote mawili, bwana. Mwanamke ana mikono miwili."

Dada yake fundi, aliyekuwa ametega sikio mlangoni, akarudi kwenye vifungo vyake polepole kama hakusema kitu maishani.

Ndani ya bahasha kulikuwa na nguo nyingine. Kaptula. Fundi akaishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

"Hiyo nilibahatisha," mwalimu akasema chini kwa chini. "Miguu sijawahi kuonyeshwa. Usipotaka, vaa suruali yako, kiti chako kipo vilevile. Ila wote tumevaa fupi, nikaona nisikuamulie kwamba wewe huwezi."

Basi likapiga honi mbali. Fundi akawatazama wasichana, akautazama mlango, akachukua magongo, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Akakaa humo muda. Walisikia mkanda ukifunguka, kisha mtu anavuta pumzi.

Pazia likasogea. Mguu ule, mwembamba, mweupe kwa kukosa jua, ukatoka kwanza.

Nahodha akauinamia, akauchunguza, akanyanyuka amekata tamaa.

"Mjomba, kumbe ndio huo tu? Sisi tulikuwa tunabishana, wengine wamesema una kwato!"

Fundi akacheka mpaka gongo moja likamponyoka. Mwalimu akalidaka, akamrudishia, wala hakumshika mkono. Machozi alikuwa nayo, lakini aliyafuta akisingizia jasho.

Fainali waliikosa kwa goli moja. Wasichana wakamwangukia fundi wakilia, kisha nahodha akafuta kamasi, akamgeukia: "Na wewe Mjomba, yule mfupi alikuwa anatufunga upande wetu wa kulia tangu mwanzo, hukumwona? Ulilala?"

Mlinzi wa viatu hakuna anayemlaumu timu ikifungwa.

"Ni kweli," akasema, amefurahi mpaka anaona aibu. "Nililala. Jumatatu, vigoda."

"Vigoda tena!" wakaguna wote.

Mwalimu akaja kukaa karibu naye, raba zimejaa vumbi. Fundi akavua utepe shingoni, akaushika mkono wa kushoto wa mwalimu, akauzungusha utepe kwenye kidole kimoja.

"Unapima nini wewe? Kidole hakivai jezi."

"Tulia. Ukitikisika nitakosea."

Mwalimu akatulia. Akatulia kabisa. Hata filimbi kifuani ilikuwa haitikisiki, kwa sababu pumzi alikuwa ameisahau.

"Sijasikia ukiuliza swali," akasema mwishoni.

"Mwalimu ni wewe. Mimi najibu tu."

"Basi jibu ni ndiyo, mjinga wewe. Na usinibane utepe."

Wasichana walipiga vigelegele mpaka waliowashinda wakadhani matokeo yamegeuzwa.

Na jezi ile ipo. Fundi hawezi kuona mshono mbovu barabarani asiufumue kwa macho, lakini huo hajaugusa. Kila mechi anaivaa jezi hiyo na kaptula yake, mkono mmoja unaishia kwenye kiwiko, wa pili unafika kwenye kifundo cha mkono. Mteja akimcheka, anamwambia asimame vizuri apimwe, na anamweleza kwamba yeye mwenyewe alipimwa na fundi bora kuliko wote mtaani, ila mshonaji ndiye aliyeharibu.