Usingizi wa Biskuti

Biskuti alikuwa mjusi mwenye ndevu, mwenye rangi ya mchanga na miiba laini kidevuni. Aliishi katika sanduku la kioo sebuleni kwa mzee Merv Tregenza, mjini Broken Hill, mji wa nyika kame huko kusini mwa dunia. Coral, mke wa Merv, ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo kama kidole. Kisha Coral akafariki, wakati wa joto kali. Tangu hapo Merv aliongea na Biskuti kuliko alivyoongea na watu.

Mwezi wa sita baridi iliingia. Jua lilichelewa kutoka na likawahi kuzama. Mwanga wake ulikuwa mwembamba, na vumbi jekundu lilielea hewani kama limesahau pa kwenda. Biskuti akaacha kula. Akaiacha taa yake ya joto, akaenda kwenye pembe yenye ubaridi. Akachimba, akajifukia mchangani chini ya gogo, akafumba macho.

"Amka, mvivu we," Merv alimwambia.

Biskuti hakuamka. Siku ya tatu Leanne, binti wa Merv, alirudi kutoka kazini akamkuta baba yake ameinama juu ya sanduku. Mkono mmoja ulishika panzi, mwingine ulimshika mjusi.

"Baba, unafanya nini?"

"Namlisha kwa nguvu. Anakufa, Leanne. Mama yako naye alianza hivihivi. Usingizi, usingizi, halafu basi."

Leanne alitoka mbio akamwita jirani yao, Yvonne Quayle, muuguzi katika kliniki ya wanyama.

"Merv! Mwachie!" Yvonne alisema kabla hajafika mlangoni vizuri. "Wewe ukiamshwa usiku ukashindiliwa nyama ya kondoo mdomoni, utashukuru?"

"Hajala siku tatu!"

"Na asile. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Bila joto tumbo lake halisagi chakula. Kitamwozea humo ndani, na hapo ndipo utamuua kweli."

Merv akamrudisha Biskuti mchangani taratibu.

"Ana umri gani?" Yvonne aliuliza.

"Miaka miwili na nusu."

"Basi ni mtu mzima. Wenzake huko porini nao wamejifukia sasa hivi. Siku zikiwa fupi, wanalala wiki nyingi, hata miezi mitatu. Angekuwa hajatimiza mwaka, ningekuwa na wasiwasi. Angekuwa jike, ningeuliza kama anachimba apate pa kutaga."

"Nitajuaje kama ni usingizi, siyo ugonjwa?"

"Kwa macho peke yake hutajua. Kesho tumpeleke kwa daktari, apimwe yeye pamoja na choo chake. Minyoo nayo hulegeza mjusi. Halafu mpime uzito kila wiki. Anayelala hapungui sana. Akikonda, macho yakizama, au akiharisha, mlete upesi."

Daktari alimkuta mzima. Walipohakikisha tumbo lake ni tupu, wakazima taa zake, wakamwachia kibakuli kidogo cha maji. Kila Jumapili Merv alimpima kwenye mizani ya jikoni, akaandika kwenye kalenda: gramu 410. Gramu 408. Gramu 406.

Majira yakapita polepole. Merv naye alizoea kusinzia kwenye kiti kando ya sanduku. Alimwota Coral akitembea peku kwenye ardhi nyekundu, hana haraka, hana maumivu. Akiamka, hakulia kama zamani. Alisikiliza tu ule ukimya, na ukimya haukumtisha tena.

Mwishoni mwa mwezi wa nane kitu kilikwaruza kioo. Biskuti alikuwa juu ya gogo, mchanga kichwani, jicho moja wazi.

"Leanne! Njoo umwone!"

Merv akawasha taa. Akampa maji na joto kwanza, kama Yvonne alivyomfundisha. Siku ya pili akampa panzi mmoja. Ulimi ukachomoka, panzi akatoweka.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata simu ililia. Alikuwa Gwenda, rafiki wa marehemu Coral, akilia kwikwi. Mjusi wake mzee hali chakula, hajitikisi, na Gwenda ameshachimba shimo bustanini.

Merv alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

"Usimzike, Gwenda," alisema. "Usimguse kabisa. Nakuja."