Taa Zilizopanda Kulia

"Shangazi anauliza, mgonjwa ameshafika?"

Sauti ilitoka ndani ya sanduku la mizani. Januarius Luhaga akainama kana kwamba anarekebisha mawe ya kupimia, akabonyeza kitufe cha Motorola iliyofichwa humo.

"Amefika. Ila wagonjwa wako tisa, na wote wamejifunika shuka moja."

"Una saa mbili tu. Saa nne wanatawanyika."

Redio ikanyamaza.

Saa mbili asubuhi, Julai 1995, Kasoli. Soko huria lilikuwa limebisha hodi na kuingia bila kusubiri karibu. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja. Sasa yeyote mwenye lori na mizani aliitwa kampuni. Anatoli alikuwa mmoja wao. Alikuja na suti ya kijivu, akakodi ghala, akaweka uwanjani malori tisa ya Scania, yote yamepakwa rangi ya bluu.

Nane yalibeba pamba. Lililobaki lilibeba pamba pia, na chini ya pamba sakafu ya uongo, na chini ya sakafu bunduki arobaini za SMG kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kabanga. Zilikuwa zinakwenda kwa wezi wa ng'ombe. Mtu akitaka kujua wezi wenye SMG wanafanya nini kwenye boma la wafugaji, akaulize waliobaki, kama wapo.

Kushusha pamba ya malori tisa ni kazi ya siku mbili. Polisi wangefika kwenye la tatu, Anatoli ameshajua, na bunduki zimeshayeyuka.

Kwa hiyo Luhaga, mpelelezi wa serikali, alikuwa karani wa mizani wa Anatoli, wiki ya tatu sasa, kwa amri ya Shangazi, mkuu wake aliyekaa Mwanza. Kalamu sikioni, vumbi la pamba kwenye nyusi, bastola ya Browning ndani ya kopo la wino.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, mayu."

Alikuwa Nyanjige, mama aliyewapikia wapagazi pale uwanjani, akimwamkia kwa Kisukuma. Alimwekea sahani ya michembe iliyopikwa kwa karanga. Leo alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Kuleni mapema. Nafunga, naenda Bariadi. Hukumu ya Masalu ni saa tano."

Luhaga alitafuna viazi vile vikavu.

"Wanasema alikuwa amelewa," Nyanjige akaendelea. "Mume wangu Msabato, bhabha! Hata chai hanywi, atakunywa gongo? Yeye anasema akiwa anaendesha alimulikwa na gari, taa zikamwingia machoni akawa haoni kitu. Akakwepa, akamgonga mwalimu Mihayo aliyekuwa kwenye baiskeli. Hakimu anamwangalia tu. Wewe umetembea sana. Kweli taa inaweza kumpofusha mtu namna hiyo?"

"Sijui, mayu."

Mwongo mkubwa we! Alijua kuliko mtu yeyote chini ya jua la Bariadi.

Kule ng'ambo wanaendesha kulia. Taa za magari ya kule zimetengenezwa zinyanyuke kidogo upande wa kulia, zimulike ukingo wa barabara. Ukivuka na gari la kule ukaanza kuendesha kushoto, zile taa zinamchoma machoni anayekuja mbele yako, hata ukiziinamisha. Madereva wa njia ile wanajua dawa yake. Kabla ya kuvuka unabandika tepu nyeusi kwenye kioo cha taa, pale panaponyanyua mwanga. Dakika tano.

Aprili, Luhaga alivuka Kabanga na Land Cruiser ya kule, bahasha ya Shangazi kwenye kiti, tepu mpya juu ya dashibodi. Nitabandika mbele ya safari, alisema. Mchana kutwa taa hazikuwa na kazi. Alipopita Kalemela jua likazama, akawasha, akakanyaga mafuta. Karibu na Kasoli, saa moja na nusu, pikapu ikaja mbele yake. Dereva alipiga honi, akawasha na kuzima taa zake. Luhaga hakuelewa. Alielewa alipoona kwenye kioo cha nyuma pikapu imelala mtaroni na gurudumu la baiskeli linazunguka peke yake.

Alipunguza mwendo.

Hakusimama.

Mwalimu Mihayo alizikwa na wanafunzi wake. Masalu alikuwa na mwezi wa tatu mahabusu. Shangazi alisema maneno mawili tu: "Kazi kwanza." Na Luhaga, mtu aliyewahi kuruka ukuta wenye vigae vya chupa bila kukunja uso, kila asubuhi aliona haya kunyoosha mkono apokee sahani ya mama huyu.

Aliitua sahani chini.

Taa.

Mungu wangu, taa!

Mafundi wa Anatoli walibadilisha namba za lile lori la ng'ambo, wakalipaka rangi, wakahamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi safi. Lakini nani anakumbuka vioo vya taa? Yeye mwenyewe hakukumbuka, na mtu akafa.

Akaitoa Browning kwenye kopo, akaichomeka kiunoni chini ya shati, akamfuata Anatoli mbio.

"Bosi, trafiki wako barabara ya Bariadi. Wanakagua taa. Lori lenye taa mbovu linashikiliwa mpaka jioni."

Anatoli alikunja uso. Kitu alichokiogopa kuliko vyote ni askari mwenye muda wa kulizunguka lori lake. "Sasa?"

"Tuzikague hapahapa. Yaingie ghalani moja moja, tufunge mlango, tuone kwenye ukuta."

"Una akili wewe," Anatoli akamsifu. "Fanya haraka."

Ukuta wa ndani wa ghala ulipakwa chokaa. Pembeni lilirundikwa lundo la pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, refu kuliko mtu. Lori la kwanza likaingia. Mlango ukasukumwa. Giza.

"Washa. Inamisha."

Mwanga ukakaa chini, umenyanyuka kidogo kushoto.

"Sawa. Lingine."

La pili, kushoto. La tatu, taa moja imekufa. La nne, la tano, la sita, kushoto. Casio ilisema saa tatu na dakika arobaini.

La saba likaingia. Dereva wake alikuwa Marcelo, mtu mpole asiyependa kushuka garini.

"Washa. Inamisha."

Mwanga ukapanda kulia.

Luhaga alisimama pale, macho ukutani. Aliona pikapu. Aliona ile baiskeli. Alikawia kupita anavyopaswa kukawia karani.

"Umeona nini, karani?"

Anatoli alikuwa nyuma yake, na bastola ya Makarov mkononi.

"Taa zake zinapanda, bosi."

"Kumbe karani unasoma hata kuta."

"Marcelo," Luhaga akaita kwa sauti ileile ya asubuhi nzima, "zima."

Marcelo, aliyezoea kutii, akazima.

Giza totoro!

Risasi ikapasua hewa pale kilipokuwa kichwa cha Luhaga. Yeye alishalala chini. Alifagia miguu ya Anatoli, suti ya kijivu ikaruka na kuzama kwenye fifi mpaka kiunoni. Alipotoa kichwa, pua imejaa pamba, Browning ilikuwa shingoni.

"Itupe."

Akaitupa.

Marcelo alirudisha lori nyuma kwa kishindo, akavunja mlango, akajikuta uso kwa uso na Land Rover mbili za polisi wa FFU waliojificha jirani na kusikia mlio. Akashuka garini bila kuambiwa.

Sakafu ya uongo ilipopasuliwa, Luhaga alifungua sanduku la mizani.

"Shangazi. Mgonjwa ni wa saba. Tumempasua. Vipande arobaini, vyote vipo."

"Safi sana." Sauti ya yule mama wa Mwanza ikalainika. "Na nimekupatia zawadi. Taa za lori hilo zinapanda kulia, siyo? Basi ndilo lililompofusha Masalu. Nampigia simu mwendesha mashtaka sasa hivi. Masalu anarudi nyumbani, na wewe unabaki safi."

Luhaga alimtazama Marcelo, amekaa chini na pingu.

"Lori hili limevuka Jumanne iliyopita. Mihayo alikufa Aprili."

"Tarehe tunaziandika sisi, Januarius."

"Na Marcelo?"

"Huyo anafungwa hata hivyo. Mzigo mmoja zaidi utamlemea nini?"

Jamani, shetani akija hana pembe. Anakuja na zawadi. Masalu angetoka. Nyanjige angecheka. Luhaga angepelekwa kazi nyingine, sahani nyingine, kwa mama mwingine. Tamaa ilimshika kweli, tusimsingizie utakatifu. Alihesabu pumzi tatu na kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Hapana, Shangazi."

"Ukifungua mdomo, hatukujui. Hujawahi kuwepo."

"Mihayo alikuwepo," akasema, akazima Motorola.

Alipanda Land Rover iliyowapeleka watuhumiwa Bariadi, akakaa benchi moja na Anatoli, ambaye alipiga chafya za pamba njia nzima.

Saa tano kasorobo alikuwa mahakamani. Masalu alisimama kizimbani, shati limempwaya. Hakimu alikuwa ameshavaa miwani ya kusomea hukumu.

"Mheshimiwa, naomba nisikilizwe kabla hujasoma."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyemmulika."

Mahakama ikavuma. Luhaga akasema yote, bila kupamba. Ng'ambo, tepu, dakika tano, kioo cha nyuma. Land Cruiser, aliyoiacha usiku uleule wa Aprili, ilikuwa bado uwanja wa polisi, mita mia kutoka pale, chini ya turubai. "Gari lisogezwe mbele ya ukuta wowote, Mheshimiwa. Taa zitasema." Kisha akaweka Browning mezani kwa sajenti, mdomo wa bunduki ukiangalia upande wake mwenyewe.

Hakimu aliahirisha hukumu, akaamuru gari likaguliwe. Kabla ya saa saba Masalu alikuwa nje kwa dhamana, ameshika nguzo ya veranda kama mtu aliyeshuka kwenye mashua.

Nyanjige alimkuta Luhaga kwenye ngazi, kati ya askari wawili.

"Wiki tatu," akasema. Hakupaza sauti. "Wiki tatu unakula kwangu, nakusimulia habari za mume wangu, wewe unatafuna?"

"Ndiyo, mayu."

"Na leo asubuhi nimekuuliza."

"Ndiyo."

Alisubiri atukanwe. Alitaka atukanwe, ingekuwa nafuu. Nyanjige akajifunga khanga vizuri, akamshika mumewe mkono, wakaondoka bila kugeuka.

"Twende," askari akasema, akamshika bega.

"Huna haja ya kunishika. Njia naijua."

Akatangulia. Alitembea kwa mwendo wake wa kila siku mpaka kaunta ya polisi, akavua saa, akavua mkanda, akavua viatu, akaingia mahabusu.