Boma Namba Kumi na Nane

Watu wa Bashay wakikusimulia habari za Hermani huwa hawaanzi na siku aliyopotea. Huanza na biashara, kwa sababu biashara ilikuwa nzuri, na yeye na mkewe Fabiola walikuwa watu wa kujituma.

Walishuka kutoka kwao Bashay, milimani Mbulu, wakapanga chumba jirani na stendi ya Katesh. Miaka hiyo kila mwenye simu alikuwa ameanza kuagiza vitu mtandaoni: sufuria, viatu, nguo za sikukuu. Wauzaji walikuwa Arusha na Dar es Salaam. Mzigo ukipakiwa kwenye basi, unafika Katesh salama. Tabu ilianzia hapo, maana kutoka stendi hadi mlangoni kwa mteja hakuna aliyejua njia. Mtu ameandika "kwa mama Glory, karibu na kisima", na visima viko vinne, na akina mama Glory wako watatu. Nusu ya mizigo ilirudi ilikotoka.

Fabiola ndiye aliyepata dawa. Alisema kama nyumba hazina anwani, basi wazipe wao. Wakanunua kopo la rangi ya bluu, wakaomba ruhusa kwa wenyeviti wa vitongoji, wakapita wakiandika namba kwenye nguzo za malango. Mteja akiagiza anataja kitongoji na namba, imetosha. Hermani anawasha pikipiki, Fabiola anabaki chumbani kupokea mizigo na simu. Miezi mitatu ikapita bila mzigo hata mmoja kurudi. Walikuwa na miaka minne kwenye ndoa, wakimtafuta mtoto bila kujaliwa, na nyumba ilikuwa imeanza kuwa kimya. Sasa Fabiola akaanza tena kumsikia mumewe akipiga mluzi asubuhi.

Mwezi wa sita walifika kitongoji kimoja nyuma ya Hirbadaw, kwenye tambarare ya wafugaji, ambako kutoka boma hadi boma ni mwendo wa nusu saa. Mwenyekiti alikubali. Boma la tisa lilikuwa la mzee Gidahosh. Fabiola alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia vizuri, akawapa maziwa. Kisha akaweka kiganja chake juu ya nguzo ya lango, pale pale Hermani alipotaka kuandika.

"Sisi hatuhesabu maboma, mwanangu," alisema taratibu. "Ukihesabu yaliyopo, yale yasiyokuwapo yatajua yameachwa."

Fabiola alidhani ni Kiswahili cha mzee kilichopinda. Akamshukuru kwa maziwa. Nguzo ile hawakuipaka rangi, ila daftarini aliandika tisa, ili hesabu isivunjike. Wakamalizia na boma la kumi na saba. Kupita hapo ilikuwa mbuga tupu mpaka macho yanapokoma.

Wiki tano baadaye basi la kutoka Arusha lilishusha kifurushi laini, kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Juu yake pameandikwa: Hirbadaw, boma namba 18.

Fabiola akampigia muuzaji, dada mmoja aitwaye Lucia. Lucia akasema mteja alipiga mwenyewe, mwanamke mwenye sauti ya chini, akaagiza blanketi la mtoto mchanga, na malipo yalishaingia. Alipoulizwa jina hakutaja. Alisema waliompa namba watamjua. Fabiola akaomba namba yake ya simu. Lucia akaitafuta, akaitafuta tena. Kwenye simu yake haikuwapo.

Hermani hakuona ajabu. Alisema bila shaka ni boma la nane, mtu amekosea kuandika. Akaondoka saa saba mchana. Jua lilikuwa kali na upepo wa vumbi unavuma.

Saa tisa kasoro akapiga simu.

Alieleza kwamba boma la nane walikana. Alipotaka kugeuza pikipiki aliona moshi mbele, mbali kidogo kupita boma la kumi na saba. Akaufuata. Sasa alikuwa amesimama mbele ya ua wa miiba. Lango lipo, nguzo ipo, na nguzo ina namba.

"Mwandiko ni wangu," alinong'ona. "Na rangi haijakauka."

Fabiola alitazama chini ya kitanda. Kopo lilikuwa pale pale, mfuniko umeganda kwa rangi ya mwezi wa sita. Akamwambia mumewe awashe pikipiki arudi. Nyuma ya Hermani upepo ulikuwa ukipiga kama unavyopiga siku zote kwenye tambarare ile. Halafu ukakatika. Haukupungua. Ulikatika, kama vile mtu amefunga mlango.

"Kuna mtoto analia," Hermani alisema.

Fabiola hakusikia mtoto. Akamwambia asiingie. Akarudia. Akarudia tena. Akasikia viatu juu ya udongo mkavu. Akamsikia mumewe akibisha hodi, na mwanamke akamkaribisha. Alimkaribisha kwa Kiiraqw, lugha ya kwao milimani. Akamtaja jina.

Hermani alicheka, kicheko kidogo cha chini ambacho mkewe hakuwahi kukisikia.

"Nyamaza," alikuwa anabembeleza. "Nyamaza, mwanangu. Baba amekuja."

Baada ya hapo hakujibu tena. Simu haikukatika. Fabiola aliita mpaka majirani wakajaa mlangoni. Dakika zikawa zinapanda kwenye kioo. Ishirini. Thelathini. Ya arobaini na moja ilisikika pumzi, karibu sana na simu. Pumzi fupi fupi. Haikuwa ya mtu mzima.

Simu ikakatika.

Jirani yake Yonas, dereva wa bodaboda, alimpakia wakakimbia. Saa kumi na moja walimkuta mzee Gidahosh amesimama kando ya njia na fimbo yake. Hakuuliza kitu. Alitangulia, nao wakamfuata kwa miguu.

Pikipiki ilikuwa imesimama katikati ya mbuga, ufunguo kwenye swichi. Boma halikuwapo. Palikuwa na mafiga matatu yaliyozama nusu ardhini, na duara kubwa ambalo majani yake yalikuwa mafupi kuliko mengine. Nyayo za viatu vya Hermani ziliingia kwenye duara, zikaenda hadi kwenye mafiga. Zilikoma hapo.

Juu ya siti ya pikipiki palikuwa na daftari la wapokeaji, limefunguliwa kwenye ukurasa wa siku hiyo na kuwekewa jiwe lisipeperushwe. Kwenye mstari wa mwisho, mahali pa sahihi, mtu alikuwa ameweka dole gumba. Mistari yote ya ngozi ilionekana vizuri. Lilikuwa dogo kama punje ya harage.

Yonas alirudi nyuma hatua tatu, akakaa chini.

Gidahosh alisimulia akiwa ameyapa mafiga mgongo. Zamani, enzi Manyara yote bado ikiitwa Arusha, hapo palikuwa na boma. Mwenye boma aliondoka kutafuta malisho, asirudi. Mvua ikawa kubwa, mito ikafunga njia, na homa ikawakuta mkewe na mtoto aliyezaliwa wiki ile. Hakuna aliyejua mpaka ng'ombe wao walipokuja peke yao kwa jirani, wakilia kwa kutokamuliwa. Boma likaachwa lioze. Jina lao halitajwi.

"Wewe ulihesabu," alimwambia Fabiola, bila hasira. "Nao wameitika."

Polisi waliarifiwa. Wanaume wa kitongoji walitafuta siku tano, mpaka ng'ambo ya Balangdalalu, hawakupata hata kifungo cha shati. Siku ya sita Fabiola alichukua kisu na mafuta ya taa, akapita lango kwa lango akikwangua namba. Konsolata, mama wa boma la nne, alitoka akamsaidia bila kuombwa. Kila walipomaliza nguzo moja, Fabiola aliigusa kwa kiganja, akasema pole. Hakujua anamwambia nani.

Akapanda Bashay kwa mama mkwe wake, Perpetua. Mama huyo hakumlaumu hata kwa neno moja. Ila kila jioni alipakua chakula cha mwanawe, akakifunika.

Mwaka ukazunguka. Masika ilipokuwa inaelekea mwisho, mzee Gidahosh alikuja. Alikuwa hajawahi kupanda milima ile maishani mwake. Alifika kwa basi la mchana, mvua imetoka kunyesha, uwanja wote tope. Perpetua alimpa kigoda na uji. Uji hakuugusa.

Alisema boma lipo tena. Ua ni mpya, miiba inatoka utomvu bado. Aliyeujenga hajaonekana. Ng'ombe wanakataa kupita upande ule. Nyumba ya ndani si ya mjengo wa wafugaji.

"Imejengwa kama hii yenu," alisema, akitazama kuta.

Perpetua aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu. Mzee akasema moshi unatoka, ila mtu hajamwona. Alichoona ni nyayo, za mtoto anayeanza kutembea. Kila asubuhi zinatoka langoni, na kila asubuhi zinafika mbali zaidi. Ndiyo maana amekuja, aone kama wenyewe wanajua la kufanya.

"Juzi zilifika kwangu," alisema. "Leo alfajiri nilizikuta pale basi linaposimama."

Fabiola aliinuka, akaenda mlangoni kutazama nje.

Kwenye tope zilionekana nyayo za makubadhi ya mzee, kutoka njiani hadi kizingitini. Pembeni yake zilikuwapo nyingine. Fupi, pana, vidole vitano vimejichora vizuri. Zilitembea sambamba na za mzee, kama za mtu aliyeshikwa mkono. Za mzee zilivuka kizingiti. Zile ndogo zilisimama nje, zimeelekea ndani.

Perpetua alikuja nyuma yake, akaziona, akanyoosha mkono haraka kuufunga mlango.

Fabiola alimshika mkono, akauacha mlango wazi.