Nani Anashuka?

Jua lilikuwa linazama wakati dereva wa watoto wa shule alipomkabidhi fundi ufunguo wa gari lake kuukuu.

"Kaka, hii stata itanitoa roho. Asubuhi watoto wakiingia, inawaka kama jana imetoka kiwandani. Jioni nikishamshusha wa mwisho, basi. Tik! Nasukumwa na wapita njia kama mkokoteni."

"Usiliseme vibaya, dada. Magari ya zamani hununa," fundi alimtania.

Dereva hakucheka. Alitupa jicho kwenye kiti cha nyuma, akaondoka haraka.

Fundi alimfahamu vizuri. Kila jioni alimsikia akipita na watoto, akiuliza kwenye kila kituo: "Nani anashuka?" Mtoto asipoitikia kwa sauti, mlango haufunguliwi.

Karakana ilikuwa uani kwa fundi, jirani na jiko la mkewe. Betri alishaibadilisha siku za nyuma, na brashi za stata pia. Jioni hii alikwangua kutu kwenye waya wa bodi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari, mpaka ukang'aa, akaukaza. Akazungusha ufunguo.

Tik.

Akaishusha stata, akaiunganisha na betri pale pale chini. Ikavuma, ikazunguka kwa nguvu. Nzima kabisa! Akaifunga tena mahali pake.

Tik.

Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Ndipo ilipomjia ile harufu... Maziwa yaliyochacha. Na jasho, kama la mtoto aliyelala sana kwenye joto.

"Baba, mama anasema uje kula!"

Alikuwa binti yake, waliyemwita Kinanda kwa sababu hakukoma kuimba. Kabla baba hajajibu, Kinanda alishaburuta mlango wa gari na kurukia kiti cha nyuma.

Gari likawaka.

Fundi akapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwamo.

Mlango ukajiburuta taratibu, ukajifunga.

"Kinanda, toka humo."

"Siwezi, baba. Amenishika mkono."

"Nani?"

"Huyu... Anasema tusimwache tena."

Fundi akavuta mlango kwa mikono miwili. Haukutikisika. Akakimbilia mbele, akang'oa waya wa betri. Injini ikaendelea kunguruma. Aliporudi dirishani, kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi mahali pawili. Mahali pamoja palikuwa mbele ya mdomo wa binti yake.

Pa pili palikuwa chini kidogo. Hapo hapakuwa na mtu.

Magurudumu yakaanza kusogea kuelekea barabarani. Kinanda akaanza kulia. Fundi akatembea ubavuni mwa gari, kiganja kwenye kioo, akitafuta neno lolote la kusema. Likamjia lile la kila jioni.

"Nani anashuka?"

"Mimi, baba!"

Na chini ya sauti hiyo, nyingine, nzito, ya mtoto aliyeamshwa usingizini:

"Na mimi."

Mlango ukafunguka. Gari likazima. Fundi akamnyakua mwanawe, akamkumbatia mpaka akalalamika kuwa anambana.

Asubuhi fundi alirudisha waya wa betri. Dereva alikuja, akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, tupu vile vile. Akafumba macho, akavuta pumzi.

"Harufu imekwisha," alinong'ona.

"Dada, ulijua?"

"Niliambiwa nilipokwisha kulinunua. Dereva wa kwanza alimsahau mtoto kiti cha nyuma, amelala. Akafunga vioo, akaenda zake. Ndiyo maana mimi huuliza." Akamtazama fundi. "Wewe ulimfanyaje? Amekwenda wapi?"



Jioni ile walikaa mkekani kula. Kinanda alimsogelea baba yake, akaacha nafasi kati yake na ukuta.

"Mbona unambana baba yako? Huko si kuna nafasi?" mama aliuliza, akienda kufunga mlango.

"Hakuna, mama."

Mama akacheka. Akashika komeo, akauliza kama alivyouliza kila siku: "Haya, wote mmeingia?"

"Tumeingia!" Kinanda akaitikia.

Fundi alikuwa na tonge mkononi. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilimfikia kabla ya sauti.

"Tumeingia."

"Vizuri," mama alisema, bila kugeuka. Akafunga komeo.