Alama ya Pili Handakini

Muiruri, binamu yangu wa Kiamunyi, si mtu wa kuongeza chumvi, ndiyo maana ninaandika haya kama alivyonieleza.

Jumamosi alipanga kumpeleka binti yake Kui safari ya baiskeli, wafuate njia ya zamani ya reli iliyong'olewa vyuma, kisha wazunguke bondeni. Alhamisi mchana akaenda kwanza peke yake kuikagua, akifunga vipande vya shuka nyeupe kwenye kila njia panda, Kui asije akapotea.

Mbele ya handaki la reli linalopenya kilima alimkuta mchungaji wa ng'ombe.

"Boss, unapitia humo? Sisi ng'ombe tunawazungusha juu."

"Wanaogopa giza?"

"Waulize wao."

Muiruri alimshuku, akaona huenda huko juu kuna wenzake wanaongojea kumpora baiskeli. Akaingia handakini akiisukuma. Katikati, kwenye giza tupu, alisikia kitambaa kikichanwa polepole karibu na sikio lake. Akamulika kwa simu. Hapakuwa na mtu. Lakini alipofika mlango wa pili, alikuta alama imeshafungwa, fundo kama lake kabisa. Haikuwa shuka. Ilikuwa kitambaa cha miraba ya kijani. Alikifungua, akakitia mfukoni, akarudi nyumbani kwa barabara kuu.

Saa kumi Kui alitoka shule akificha pindo la rinda lake kwa begi.

"Usinichape, Dad. Sijui limechanikia wapi."

Muiruri alitoa kile kitambaa, akakilaza kwenye pindo. Miraba yote ilikutana.