Pingamizi la Kisima

Kila asubuhi Kobe na mkewe walimwagilia vitunguu. Mume alivuta maji kisimani kwa ndoo na kamba, mke akayapeleka kwenye matuta. Kobe halikuwa jina lake. Majirani walimbandika jina hilo kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia, hata mvua ilipomkuta njiani. Kisima kilichimbwa na marehemu mama yake, na familia tisa zilikitegemea.

Juu kidogo ya kisima, tajiri mmoja alinunua ardhi. Alitaka kupasua mawe kwa baruti na kuyasaga kuwa kokoto. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mashine ya unga: wakazi wafike ofisi ya kijiji Jumanne, saa tatu asubuhi, watoe maoni.

Majirani walikasirika. Lakini watu wa pale walikuwa na mtindo wao wa kukataa. Mchumba asiyetakiwa hakuambiwa neno. Alikuta sebule tupu, akajiondokea mwenyewe. Kobe akawashawishi wenzake wafanye vivyo hivyo.

"Akiona viti vitupu atajua hatumtaki," alimwambia mkewe.

"Na asipojua?"

"Mtu mzima yule. Atajua."

Jumanne hakuna aliyekanyaga ofisini. Watu walipalilia mashamba yao, roho kwatu.

Wiki iliyofuata alikuja bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyezoea kuwatembelea. Siku hiyo hakuuliza habari za vitunguu.

"Shemeji, Jumanne mlikuwa wapi?"

"Tulikataa," Kobe alijibu.

"Mlikataa mkiwa wapi?"

"Nyumbani."

Bibi shamba alikaa kwenye ukingo wa tuta. "Nimesoma taarifa ya mkutano. Wameandika kwamba hakuna aliyepinga. Kwao wao, nyinyi hamna tatizo na mradi."

 Kobe aliona aibu ya kweli, maana wenzake walimfuata yeye.

"Baruti zikilipuka pale, kisima kitapasuka," alisema. "Maji yakipotea, sisi tumekwisha."

"Hayo unaniambia mimi. Yaandike. Kibali bado hakijatolewa, na zimebaki siku kumi na moja za kupokea pingamizi."

"Basi tuandike barua moja: hatutaki."

"Neno hilo peke yake halimsaidii anayeamua. Kila familia iandike yake na isaini. Semeni nani ataumia na ataumiaje. Pimeni umbali. Mkipeleka, daini nakala yenye muhuri, isije ikasemwa barua haikufika."

"Na asiyejua kuandika?" mke aliuliza.

"Aseme, mwenzake aandike. Asomewe aliyoyasema, kisha aweke dole gumba."

Mke hakungoja mumewe amalize kuwaza. Alichukua kamba na kupima kutoka kisimani hadi kigingi cha mpaka wa tajiri. Ilikuwa mita themanini tu. Kobe alizunguka nyumba kwa nyumba, akakiri kosa lake mlango baada ya mlango. Wengine walimsema sana. Alivumilia. Siku ya tisa barua zote zilipokelewa na kugongwa muhuri.

Ofisa wa ardhi alikuja kukagua. Safari hii watu walijaa. Kobe hakuwahi kusema mbele ya kadamnasi, lakini alisogea mbele.

"Hatuna bomba," alisema. "Tunakunywa hapa, tunamwagilia hapa. Tukikipoteza kisima hiki, tutahama."

Ofisa alichungulia ndani ya kisima. Akapima umbali mwenyewe, akaandika.

Mwezi mmoja baadaye jibu lilitoka. Kibali kilikataliwa. Tajiri aliruhusiwa kuomba upya upande wa pili wa kilima, kusiko na mashamba wala chemchemi. Familia tisa ziliendelea kuteka maji, na msimu ule vitunguu vilivunwa.

Tajiri alikuja kung'oa vigingi vyake. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka.

"Mzee, siku ile ya mkutano niliwangoja hadi saa saba mchana," alimwambia Kobe. "Nilitaka kuwauliza wenyeji maji yako wapi. Mngeniambia, ningehamia ng'ambo siku hiyohiyo."

Kobe alitazama chini. Alifikiria usiku wote aliokosa usingizi, na majirani waliokuwa tayari kufunga mizigo.

"Tulikuwa nyumbani," alisema, "tunakukataa."

Kisha akashika kigingi upande mmoja, amsaidie kukivuta.