Darasa Lililoitikia

Haya yalimkuta shangazi yangu, mwalimu wa historia, mtu asiyeamini uchawi ila aliyeamini kabisa kwamba wenzake wanautumia.

Siku ilikuwa ya kawaida: jua, kengele, na wanafunzi wake wakisinzia kama kuku wenye kideri. Darasa la jirani, kwa mwalimu wa baiolojia, watoto waligombania kujibu. "Mimi, mwalimu! Mimi!" Hata kengele ikilia hawakutaka kutoka. Shangazi alisikiliza ukutani, roho ikimuuma kama jino bovu.

"Unawalisha nini hao, dada?" alimuuliza mwenzake huyo katika chumba cha walimu.

"Siwalishi kitu. Wanapenda kusoma tu. Si ndiyo raha ya kufundisha? Au wewe huipati?"

Huipati! Neno hilo alikwenda nalo nyumbani.

Akaanza kumchunguza. Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia, yule mwenzake alisimama mlangoni mwa darasa tupu na kusema taratibu, "Kaeni chini." Ndipo alipofungua madirisha. Kumbe dawa yenyewe ndiyo hiyo!

Wakati wa mapumziko, mwenzake akinywa chai, shangazi akajipenyeza katika darasa lile. Hapakuwa na mtu. Viti vimepangwa.

"Hamjambo?" akanong'ona, akijionea aibu.

"Hatujambo, mwalimu."

Sauti nyingi. Za watoto. Zimejaa furaha.

Mwenye akili zake angetimua mbio. Lakini miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwitikia kwa hamu kama ile, na kijicho kikamsemea: "Mwacheni yule. Njooni kwangu. Mimi ndiye mwalimu."

Viti vikasogea. Vyote kwa pamoja.

Mchana ule alifundisha kama hajawahi. Wanafunzi wake walikaa wima. Maswali yakammiminikia, naye akayajibu huku machozi ya furaha yakimlengalenga. Kisha akawatazama vizuri.

Midomo yao ilikuwa imefungwa.

Maswali yaliendelea.

Kengele ikalia. Wanafunzi wakatoka. Maswali hayakutoka.

Mwenzake alimkuta ameegemea ubao, sauti imekauka. "Umewaita?"

"Niliwaita."

"Mungu wangu! Mimi nawaambia wakae tu, dada. Hao ukiwafundisha hawashibi."

"Wachukue basi. Nakuomba."

"Wameshachagua mwalimu wao," alinong'ona yule mwenzake. Shangazi anaapa mpaka leo kwamba alilisema hilo kwa wivu.

Aliacha kazi. Sasa anaishi peke yake, na sauti haijamrudi sawasawa. Dari ya sebule yake ilijaa alama za viganja vidogo, vyeupe, vidole vimenyooshwa. Akaita fundi wa rangi. Fundi alipaka nusu tu, akashuka kwenye ngazi na kuanza kukusanya brashi zake. Aliuliza ni nani aliyewainua watoto hadi kule juu, na wamepita saa ngapi, maana rangi aliyotoka kuipaka ilikuwa bado mbichi, na viganja vipya vilikuwa vimeshagandamizwa juu yake.